Chenga za chogo

"Kaka, chogo lilikuwa na chenga. Hii flati inanipiga chenga mimi."

Dogo alisema hivyo, akaweka pedi ya gemu juu ya benchi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Alikuwa amefungwa tatu bila na kijana ambaye hajawahi kumfunga tangu banda letu la gemu lifunguliwe. Akatafuta ndala zake mlangoni, akazivaa, akashika njia ya Kibirizi bila kuaga.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, hapa Mwanga, Kigoma. Flati ya inchi 32 ilikuwa na siku mbili ukutani, mahali pa chogo, ile tivii ya zamani yenye mgongo. Niliinunua mkononi kwa mtu, kwa fedha ya kutengeneza simu niliyoidunduliza karibu miezi mitano, na nilikuwa nasubiri pongezi. Nikamjibu mbele za watu: "Ukifungwa usisingizie tivii." Banda zima likacheka.

Yeye hakucheka.

## Neno lililonikaa

Kesho yake hakuja. Wiki nzima hakuja. Huyu ni mtoto wa miaka kumi na minne ambaye akitoka kumsaidia baba yake kuanika dagaa hupitia kwetu hata kama hana mia mbili ya mechi, asimame tu mlangoni aangalie wenzake. Nilijua nimemkosea. Lakini kilichonikosesha raha zaidi ni kwamba dogo si mtu wa visingizio. Akifungwa husema "nimefungwa", basi. Siku ile alisema neno jingine, na mimi, fundi ninayeshinda na vioo vya simu mkononi, sikulisikiliza.

Nilikuwa na imani ambayo sikuwahi kuipima: picha ikiwa kali, gemu ni zuri. Imani hiyo nimeikuta, na nadhani wengi wenu mnayo. Tangu PlayStation 3 (PS3) itoke mwaka 2006, mashine za gemu zinanadiwa kwa namba za picha, yaani wingi wa nukta zake: 720, 1080, halafu 4K. Anayetaka kukuuzia atakuonyesha majani ya uwanja na jasho la mchezaji kwenye marudio ya bao. Hakupi pedi ushike.

## Waya wa njano

PS2 yetu inatoa picha kwa ule waya wa njano. Kwa mfumo wa PAL tuliouzoea huku, picha nzima ya tivii ni mistari 576, tena inakuja kwa zamu: mistari ya witiri kwanza, halafu ya shufwa. Chogo lilitengenezwa kwa picha ya namna hiyo. Mwale wake unachora mstari mmoja mmoja kadiri unavyofika. Haliweki akiba, halisubiri chochote.

Flati haiwezi kufanya hivyo. Nukta zake zimepangwa kama vigae sakafuni, hazipungui wala haziongezeki. Picha ndogo ikifika, lazima kwanza ikusanywe, witiri na shufwa ziunganishwe, ivutwe ijaze kioo, ing'arishwe kingo, ndipo ioneshwe. Na kila hatua inakula muda.

Mimi nilichomoa waya kwenye chogo nikauchomeka kwenye flati, nikaamini kazi imeisha. Ukweli ni kwamba hata picha haikuwa bora. Wachezaji walitanuka, namba za jezi zikawa kama zimechorwa kwa makaa ya mvua. Lakini kioo kilikuwa kipana, cheusi, chembamba, na sote tulikuwa tumeshaamua kwamba ni kizuri.

## Simu na kidole gumba

Usiku mmoja, watu walipokwisha kutoka, nilichukua simu ya mteja mmoja aliyeniruhusu, yenye uwezo wa kurekodi mwendo wa taratibu, picha 240 kwa sekunde. Nikamkalisha mdogo wangu mbele ya kamera, pedi mkononi, kidole gumba na kioo vyote vikionekana.

"Bonyeza pasi. Acha. Bonyeza tena."

Kisha nikakaa kuhesabu. Kidole kikigusa kitufe naanza moja, naenda picha kwa picha, mpaka mguu wa mchezaji usogee. Nilihesabu kwa chogo nikaandika nyuma ya risiti ya LUKU. Nikahesabu kwa flati. Nikarudia, kwa sababu sikutaka kuamini. Flati ilizidi kwa picha ishirini na kitu, kila mara. Picha moja ya simu ile ni milisekunde nne na ushee. Kwa hiyo kioo changu kipya kilikuwa nyuma ya chogo kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde.

Aliyesimama mlangoni haioni sehemu ya kumi ya sekunde. Aliyeshika pedi anaishi humo. PS2 ya huku inatuma picha 50 kila sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji ule ni kama picha tano. Beki anakuja, wewe unamwona alipokuwa, si alipo. Unabonyeza chenga mpira ukiwa umeshanyang'anywa, na unachokiona ni mchezaji wako akijipinda peke yake kwenye nafasi tupu.

Dogo alikuwa sahihi neno kwa neno.

Mdogo wangu akauliza, "Sasa tunairudisha?" Sikumjibu, nikaanza kupekua mipangilio. Ndani kabisa, chini ya mambo ya rangi, kulikuwa na hali ya gemu. Ukiiwasha, tivii inaacha manjonjo yake mengi: kulainisha mwendo, kunoa kingo, kusafisha chenga. Picha ikapoa, ikawa kavu. Tukarekodi upya. Ucheleweshaji ukapungua zaidi ya nusu.

Yaani ili gemu liwe zuri, ilibidi picha iwe mbaya kidogo.

## Kibirizi

Asubuhi nilimfuata. Alikuwa ameinama juu ya chanja, anawatandaza dagaa kwa kiganja wasipandane, haraka haraka kabla jua halijakaza. Baba yake alikuwa pembeni anakunja wavu. Nikamsalimia mzee, kisha nikasema nilichokwenda kusema, kwa sauti ambayo mzee pia aliisikia: "Dogo, ulikuwa sahihi. Tivii ilikuwa inachelewa. Nimepima."

Hakuinua kichwa. "Nilijua, kaka. Mpira ulikuwa unanifikia umeshapoa."

Nimesoma maelezo mengi ya kitaalamu tangu siku ile. Sijakuta yanayolipita hilo.

## Watengenezaji wanajua

Baadaye nilipata PS3 iliyotumika, nikaiunganisha na flati kwa waya wa HDMI, na swali likabadilika. Sasa mashine na kioo vilikuwa vinaelewana. Je, HD yenyewe, yaani picha ya nukta nyingi, ikiwa mahali pake, ina uzito gani?

Nilianza kwa kuangalia waliotengeneza magemu walifanya nini walipobanwa. Picha ya 720 ni nukta 1,280 kwa 720, jumla 921,600. Ndiyo waliyoiita HD. Call of Duty 4, gemu la vita lililotoka mwaka 2007 na kupendwa kila kona ya dunia, haikufika hapo. Kwenye PS3 na mshindani wake Xbox 360 ilichorwa kwa nukta 1,024 kwa 600, yaani 614,400, theluthi mbili tu ya HD, kisha ikavutwa ijaze kioo. Gemu jingine, Halo 3 ya mwaka huohuo, nayo ilichorwa kwa 1,152 kwa 640. Maboksi ya mashine yalisema jambo moja, ndani kulikuwa na jambo jingine.

Call of Duty walizipunguza nukta ili wapate picha 60 kwa sekunde. Mashine ina nguvu zake, na nguvu hizo ni kama unga kwenye debe: ukiupika wote ugali mmoja mkubwa, hakuna wa kesho. Ukichora kila picha kwa nukta nyingi, utachora picha chache kwa sekunde. Picha 60 maana yake kila moja ina milisekunde 16 na ushee za kutengenezwa. Picha 30 inapata mara mbili ya muda huo, inapendeza zaidi ikisimama, na inakuwa nzito mkononi ikitembea. Wao walichagua mkono.

Kuna mtu atanikumbusha Wii, mashine ya gemu ya Nintendo. Ilitoka 2006 pamoja na PS3, haikuwa na HD kabisa, na iliuza zaidi ya milioni 100, wakati PS3 na Xbox 360 hazikufika milioni 90 kila moja. Siutegemei sana ushahidi huo. Wii ilikuwa ya bei nafuu na ilikuwa na rimoti ya kupunga hewani, ambayo hata bibi angeishika. Watu walinunua vitu vingi pale, si picha tu.

Lililonigusa zaidi ni la juzi juzi. Magemu mengi ya PS5 yanamwachia mchezaji achague: picha kali zaidi, au mwendo laini zaidi. Septemba 2024, Mark Cerny, msanifu mkuu wa mashine hizo, alipoitambulisha PS5 Pro alisema wachezaji huchagua mwendo karibu mara tatu katika nne. Hawa ni watu wenye tivii za 4K sebuleni, wenye kila sababu ya kutaka nukta zote milioni nane na laki tatu walizozilipia. Wakipewa pedi, wanachagua alichokichagua mtoto wa Kibirizi.

## Taa za dagaa

Usiku wa giza, ukisimama mlimani hapa Mwanga ukaangalia ziwani, utadhani kuna mji umeota juu ya maji. Ni mitumbwi ya dagaa na taa zake. Nimeziangalia tangu utotoni, na nilikuwa naamini kila mtumbwi una taa moja. Nilipopanda mtumbwi mara ya kwanza, nikiwa nimeshamaliza shule, ndipo nilipoona taa ni kadhaa, zimepangwa ubavuni.

Jicho zima lina mpaka wake. Gawanya duara nyuzi 360, kisha nyuzi moja igawanye mara 60: vitu viwili vikikaribiana kuliko hapo, jicho linaviona kimoja. Taa mbili zilizoachana mita mbili, ukiwa kama kilomita saba, zinakuwa taa moja, na hata ungewaongezea wavuvi taa kumi katikati, kwako bado ni moja.

Nikachukua futi kamba, nikapima banda. Kwenye flati ya inchi 32, nukta ya 720 ina upana wa zaidi kidogo ya nusu milimita. Jicho zima linaacha kuitofautisha na jirani yake ukifika kama mita mbili. Nukta ya 1080, mita moja na robo hivi. Nukta ya 4K kwenye kioo cha ukubwa huo inakutaka ukae sentimita sitini na kitu, umbali wa mkono. Benchi letu la mbele liko mita moja kutoka ukutani. Benchi la nyuma, mita tatu.

Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawatoki, banda linajaa. Nikawafanyia jambo bila kuwaambia. Kati ya mechi na mechi nilikuwa naingia kwenye mipangilio ya PS3, mara 576, mara 720, kisha nauliza, "Hii na ile, ipi kali?" Wa benchi la mbele walijua papo hapo, wakanionyesha hadi wavu wa goli. Wa benchi la nyuma walibishana wao kwa wao, wakabahatisha, mmoja akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba 576 ndiyo kali.

Wote macho yao ni mazima. Wamekaa mahali tofauti tu.

## Sizitaki mbichi hizi

Hapo nilianza kuandika makala hii. Nilishaandika kwamba rezolusheni, yaani wingi wa nukta, ni biashara ya wauza tivii, kwamba chogo linatosha, kwamba tusihangaike. Ilikuwa inasomeka vizuri. Nikaiacha ilale.

Kwa sababu nilianza kujishuku. Mimi sina uwezo wa kununua PS5. Kioo cha 4K nitakitoa wapi? Je, haya ninayosema ni kweli, au ni yule sungura aliyeruka akazikosa ndizi akasema sizitaki mbichi hizi? Sisi wa mwisho wa reli tumezoea kufikiwa na kitu baada ya wengine kukichoka, na tumejifunza kukisifia kilichobaki. Ujuzi huo unatusaidia kuishi. Pia unaweza kutufanya tuseme kitu hakina maana kwa sababu tu hatujakipata.

Nilikaa na shaka hiyo kama wiki mbili.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mshona nyavu. Umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, flati ikazimika, na wakati naitengeneza niliunganisha PS3 na chogo kwa waya wa njano ili vijana wasikose. Mzee huyu si mchezaji mkubwa. Anachopenda ni kupanga timu. Anaweza kutumia dakika ishirini kusoma majina ya wachezaji, kulinganisha namba zao, kumtoa huyu kumwingiza yule, halafu mechi yenyewe anamwachia mjukuu wake.

Akakaa, akashika pedi, akasogea mbele. Akasogea tena. Mwisho alikuwa amechuchumaa, uso kwenye kioo.

"Mwanangu, hawa wachezaji wa siku hizi hawana majina?"

Majina yalikuwepo. Yameandikwa kwa herufi ndogo zilizopimwa kwa kioo cha HD, na kwenye chogo kila jina lilikuwa mstari wa vumbi jeupe. Mwaka 2006 wachezaji wa gemu la Dead Rising walilalamika jambo hilohilo duniani kote: maandishi yalichorwa kwa HD, na wenye tivii za zamani hawakuweza kusoma wanatakiwa kufanya nini ndani ya gemu. Nililijua hilo kama habari. Sikuwa nimeliona limechuchumaa mbele yangu.

Mzee akampa mjukuu pedi, akarudi benchi la nyuma, akanyamaza. Kwa dogo picha kali ilikuwa kikwazo kwa sababu ilichelewa. Kwa huyu, kukosa picha kali ni kufungiwa mlango. Niliifuta makala ya kwanza yote.

Nikiulizwa leo kama HD ina maana, nitauliza kwanza: kwa kazi gani, na umekaa wapi? Kwa herufi, ina maana sana. Kwa mchezaji aliye upande wa mbali wa uwanja, ambaye unataka kujua ni nani kabla hujampigia pasi ndefu, ina maana. Kwa uzuri pia, na sitaki tuuonee haya uzuri: flati iliporudi, mvua ikanyesha ndani ya mechi, mtoto mmoja akasema "inanyesha kama ya kweli" akanyoosha kiganja. Lakini ikidai nguvu zinazoua mwendo, au ikikufikia imechelewa, basi umelipia kuona vizuri zaidi unavyofungwa. Na kutoka 1080 kwenda 4K kwenye kioo kidogo, kwa mtu wa benchi la nyuma, sioni unachonunua.

## Flaibaki

Sasa tuna kona mbili. PS3 na flati, hali ya gemu imewashwa daima, na nimeandika kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya rimoti: usiguse. PS2 na chogo, na ile CD ya mpira ambayo vijana wameipachika Simba na Yanga. Chogo linakula uniti kuliko flati, mdogo wangu ananikumbusha kila tunaponunua LUKU.

Dogo alirudi. Kwenye flati sasa anashinda na kufungwa kama wengine, na akifungwa anasema "nimefungwa". Lakini mechi ya dau la soda anaidai kwenye chogo, na akimaliza anahamia benchi la mbele la flati, mita moja kutoka ukutani, anakaa kuangalia wenzake wakicheza mpaka baba yake amtumie mtu.

Juzi chogo limeanza kulia mluzi mwembamba na picha inasinyaa pembeni. Nimelifungua. Ni flaibaki, kile kifaa kinacholipa chogo umeme wake mkubwa, na dukani hazipatikani tena.

"Kaka, litapona?"

Nimemwambia kuna fundi Ujiji ana machogo mawili mabovu ya aina hii nyuma ya nyumba yake. Jumapili, dagaa wakishaanikwa, tunakwenda naye kuyafungua.